Ryan White: Kijana wa himofilia aliyefungiwa mlango wa shule

Mtoto wa kiume anapotahiriwa, wazazi hutegemea damu kidogo, kidonda kufungwa, na baada ya siku chache mambo yamekwisha. Kwa Jeanne White, mama wa mji wa Kokomo katika jimbo la Indiana, Marekani, haikuwa hivyo. Mwanawe Ryan alizaliwa Desemba 6, 1971. Alipotahiriwa, damu iliendelea kutoka na haikukatika. Mtoto alipofikisha siku tatu tangu kuzaliwa, madaktari walikuwa wameshapata jibu: alikuwa na himofilia aina ya A, tena ile kali.

Wiki hii safu yetu inasimulia maisha ya mtoto huyo, aliyefariki mwaka 1990 akiwa na miaka 18. Wengi wanaomjua wanamjua kwa sababu ya Ukimwi. Lakini safari yake ilianza na ugonjwa adimu wa damu, na mzazi yeyote mwenye mtoto mgonjwa ambaye majirani hawauelewi ugonjwa wake atajiona ndani ya habari hii.

Damu isiyoganda

Mtu akijikata, mwili hutumia protini mbalimbali, moja ikiiamsha nyingine, hadi damu igande na kuziba jeraha. Mwenye himofilia A hana protini ya nane katika mnyororo huo, au anayo kidogo sana. Hatoki damu kwa kasi kuliko wengine, ila damu yake huchukua muda mrefu mno kukatika. Hatari kubwa mara nyingi si mkwaruzo wa nje, bali damu inayovuja ndani: kwenye magoti, viwiko, vifundo vya miguu, kwenye misuli, na mbaya zaidi kwenye ubongo.

Himofilia A humpata takribani mtoto mmoja kati ya kila watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa. Hitilafu yake ipo kwenye kromosomu ya X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake. Mama anaweza kuibeba bila kuumwa. Akiwa nayo, kila mtoto wa kiume anayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua. Hata hivyo, karibu theluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika familia ambazo hazijawahi kuwa na mgonjwa, kwa sababu hitilafu hiyo huweza kujitokeza yenyewe. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, si mama wala upande wa ukoo wake.

Utoto wa Ryan ulikuwa wa kwenda na kurudi hospitali. Hata hivyo alikua wakati ambao ilionekana ni wa neema. Katika miaka ya 1970 dawa mpya ilianza kutumika, protini ya nane iliyokaushwa ikawa unga, ambayo ilichanganywa na maji safi na kudungwa kwenye mshipa. Mtoto aliyekuwa akilazwa kila mara sasa aliweza kwenda shule, kucheza na kulala nyumbani kwao. Ryan alikuwa akidungwa dawa hiyo mara kwa mara.

Tatizo lilikuwa mahali dawa ilikotoka. Protini hiyo ilichujwa kutoka kwenye plazma, yaani maji ya damu, ya watu waliotoa damu, na plazma ya maelfu ya watu ilichanganywa pamoja ili kutengeneza dawa. Mmoja wao akiwa na virusi, mchanganyiko wote uliweza kuwa na virusi. Mwaka 1982 maofisa wa afya wa Marekani walitangaza kuwa wagonjwa watatu wa himofilia wamepata ugonjwa mpya uliokuwa umeanza kuua watu nchini humo. Kipimo cha kuchunguza damu inayotolewa kilipatikana mwaka 1985, na njia ya kuua virusi kwa kuichemsha dawa ilianza kutumika miaka hiyohiyo. Kwa wagonjwa wengi wa himofilia, msaada huo ulifika wakati wameshaambukizwa.

Miezi sita ya kuishi

Mwishoni mwa mwaka 1984 Ryan, wakati huo ana miaka 13, aliugua homa ya mapafu. Desemba 17 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya pafu, na uchunguzi ukaonyesha kuwa ana Ukimwi. Madaktari walimkadiria miezi sita ya kuishi. Wakati huo hakukuwa na dawa yoyote ya kupunguza makali ya virusi. Mama yake alisubiri Krismasi ipite kwanza ndipo amwambie.

Miezi ikapita, na mtoto akapata nafuu. Alirudi kuzungusha magazeti kwa wateja wake mitaani, kazi ambayo watoto wengi wa Marekani wa wakati huo waliifanya kujipatia fedha kidogo. Kisha akaomba jambo dogo kabisa. Alitaka kurudi darasani.

Mwezi Juni 1985 familia iliomba rasmi aruhusiwe kuanza tena masomo katika Shule ya Kati ya Western, mji mdogo wa Russiaville jirani na Kokomo. Viongozi wa shule walikataa. Wazazi 117 na walimu 50 walitia saini waraka wa kutaka azuiwe, katika shule ya wanafunzi wapatao 360. Muhula ulipoanza, Ryan alisoma akiwa chumbani kwake, akifuatilia somo kwa simu iliyounganishwa na darasa. Simu ilikoroma, na ubao hakuuona.

Wazazi waliomkataa hawakuwa watu wakatili kwa asili. Walikuwa na hofu ya ugonjwa ulioua kila aliyeupata, na hawakuamini waliyoambiwa. Wataalamu wa afya walikwishaeleza kuwa virusi havisambai kwa kukaa pamoja, kupeana mikono, kukohoa wala kutumia choo kimoja. Tatizo ni kwamba maelezo hayo yalifika Kokomo kwa njia ya mabishano ya mahakamani, wakati kila upande umeshasimama na msimamo wake. Mtu aliyekasirika ni vigumu kumfundisha.

Kesi ilichukua karibu miezi tisa. Novemba 1985 ofisa wa idara ya elimu ya jimbo aliamua Ryan aruhusiwe. Shule ikakata rufaa. Mwezi Februari 1986 uamuzi ukawa uleule, na ofisa wa afya wa kaunti akathibitisha kuwa mtoto huyo si hatari kwa wenzake. Februari 21 Ryan aliingia darasani. Siku hiyo wanafunzi 151 walibaki nyumbani, na mchana uleule jaji akatoa zuio lililomtoa tena. Zuio hilo liliondolewa Aprili 10, 1986, na safari hii alirudi moja kwa moja.

Kurudi kwenyewe kulikuwa na masharti. Ili kuwatuliza wazazi, familia yake ilikubali atumie choo cha peke yake, ale kwa sahani na vijiko vya kutupa, na asishiriki michezo. Kabati lake la shuleni lilichafuliwa, na daftari zake ziliandikwa matusi. Baadhi ya wazazi waliwahamisha watoto wao kabisa.

Nje ya shule mambo hayakuwa mazuri zaidi. Baadhi ya wateja aliowapelekea magazeti walisitisha, wakidhani virusi vinaweza kuja na karatasi. Kulikuwa na uvumi kwamba anatemea mate mboga dukani. Ipo migahawa iliyotupa vyombo alivyolia. Kanisani, wakati wa waumini kupeana mikono ya amani, mikono haikunyooshwa kwake. Mama yake aliitwa mzazi asiyefaa. Mwishowe risasi ilipigwa ikapenya dirisha la nyumba yao, na familia ikaamua kuhama. Mwenyewe alieleza baadaye kuwa hakuwachukia watu hao, kwa kuwa alijua wanafanya hivyo kwa woga na kwa kutokujua.

Mji wa pili

Mwaka 1987 Jeanne, Ryan na dada yake Andrea walihamia Cicero, mji mwingine mdogo katika jimbo hilohilo la Indiana. Mwanamuziki Elton John, aliyekwishakuwa rafiki wa familia, aliwasaidia kupata fedha za kuanzia kununua nyumba.

Mzazi anayesoma habari hii asimame kidogo hapa, maana ndipo lilipo fundisho. Cicero haikuwa tofauti sana na Kokomo. Ni jimbo lilelile, watu wa aina ileile, na ugonjwa uleule uliokuwa bado hauna tiba. Wapo wazazi huko pia walioogopa. Kilichokuwa tofauti ni mpangilio. Kabla Ryan hajakanyaga Shule ya Sekondari ya Hamilton Heights, uongozi wa shule ulikusanya maelezo ya kitaalamu, ukawafundisha walimu na wanafunzi jinsi virusi vinavyoambukiza na jinsi visivyoambukiza, na ukakutana na wazazi. Wanafunzi wakarudi nyumbani na kuwaeleza wakubwa wao. Maswali yaliulizwa mapema, wakati hakuna kesi wala kamera za televisheni mlangoni.

Agosti 31, 1987 Ryan alifika shuleni akiwa na wasiwasi. Mkuu wa shule na kundi la wanafunzi walikuwa wakimsubiri, na walimpa mkono. Kwa kijana ambaye hata kanisani alinyimwa mkono, hilo halikuwa jambo dogo. Alikula na wenzake na akapata marafiki. Alipofikia umri aliendesha gari, na wakati wa likizo alifanya kazi katika duka la vifaa vya michezo. Kwa ufupi, alipata maisha ya kawaida aliyokuwa akiyatafuta tangu mwanzo.

Kutoka darasani hadi taifani

Kesi yake ilikuwa imetangazwa kwenye magazeti na televisheni nchi nzima, na watu maarufu walitaka kukutana naye. Michael Jackson alikuwa rafiki yake na alimpa zawadi ya gari jekundu. Ryan aliutumia umaarufu huo kufundisha. Alizungumza mashuleni, alishiriki hafla za kuchangia wagonjwa, na alijibu maswali yaleyale tena na tena bila kuchoka: hapana, huwezi kuambukizwa kwa kunikumbatia, hapana, si kwa kunywa maji kwenye bomba moja nami.

Mwezi Machi 1988, akiwa na miaka 16, aliitwa mbele ya tume ya rais iliyokuwa ikichunguza janga la Ukimwi. Aliwaeleza wajumbe mambo mawili. La kwanza lilikuwa yaliyompata Kokomo, na la pili lilikuwa yaliyompata Cicero. Ushahidi wake uliwaonyesha kuwa tofauti ya miji hiyo miwili ilitokana na elimu. Mwaka uliofuata filamu ya maisha yake ilionyeshwa kwenye televisheni ya Marekani.

Wapo waliokuwa wakimwita mgonjwa asiye na hatia, kana kwamba wagonjwa wengine walistahili kuugua. Yeye na mama yake hawakuikubali lugha hiyo. Walisema ugonjwa ni ugonjwa, na kila anayeuugua anahitaji matibabu na heshima ileile, awe ameupata kwa dawa, kwa damu au kwa njia nyingine yoyote.

Masika ya mwaka 1990, ikiwa imebaki miezi michache amalize sekondari, Ryan alizidiwa na maambukizi ya njia ya hewa. Alilazwa katika Hospitali ya Watoto ya Riley, Indianapolis, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Elton John alikuwa hospitalini na familia siku hizo za mwisho. Aprili 8, 1990, siku ya Jumapili ya Matawi, Ryan alifariki. Aliyepewa miezi sita alikuwa ameishi zaidi ya miaka mitano.

Zaidi ya watu 1,500 walihudhuria mazishi, akiwemo mke wa rais wa wakati huo, Barbara Bush. Elton John, aliyekuwa mtumiaji wa dawa za kulevya na pombe, amesema mara nyingi kuwa kifo cha kijana huyo kilimfanya ajitazame upya. Mwaka huohuo aliacha, na baadaye akaanzisha mfuko wa kupambana na Ukimwi.

Agosti 18, 1990 Rais George H. W. Bush alitia saini sheria yenye jina la Ryan White, ya kugharamia matibabu ya watu wenye virusi wasio na bima wala uwezo. Mpango uliotokana na sheria hiyo unaendelea hadi leo na huhudumia zaidi ya watu nusu milioni kwa mwaka. Katika Jumba la Makumbusho la Watoto la Indianapolis, chumba chake cha kulala kimepangwa upya kama alivyokiacha, ili watoto wanaotembelea waone kuwa aliyebadili sheria ya nchi alikuwa mtoto kama wao.

Mzazi achukue nini

Tangu wakati ule mengi yamebadilika. Dawa ya protini ya nane inayotokana na damu sasa husafishwa kwa njia zinazoua virusi, na ipo nyingine inayotengenezwa maabara bila kutumia damu ya binadamu. Zipo pia dawa mpya za kudungwa chini ya ngozi ambazo huzuia damu kuvuja. Mwenye VVU anayetumia dawa zake vizuri huweza kuishi umri wa kawaida. Kwa hiyo mzazi asiogope kumpeleka mtoto kwenye matibabu ya himofilia kwa sababu ya yaliyotokea miaka ya 1980.

Dalili za kuziangalia ni hizi. Damu isiyokatika baada ya tohara au baada ya jino kung'oka. Mtoto anayeanza kutambaa kupata mavilio makubwa bila kuanguka sana. Goti au kiwiko kuvimba, kuwa na joto na kuuma bila sababu inayoeleweka. Katika ukoo, wajomba au kaka waliotokwa na damu nyingi au kufariki baada ya tohara. Ukiona hivyo, mweleze daktari na umwombe kipimo cha kuganda kwa damu. Kama ukoo una historia hiyo, mtoto apimwe kwanza kabla ya kutahiriwa, iwe hospitali au jandoni.

Kama mtoto ameshathibitika kuwa na himofilia, usimpe aspirini wala dawa ya maumivu ya aina ya ibuprofeni bila ushauri wa daktari, maana huongeza kuvuja kwa damu. Kila unapompeleka kituo cha afya, mkumbushe mhudumu kabla ya sindano ya kwenye msuli au kung'oa jino. Kiungo kikivimba, mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, inua kiungo hicho, na muwahishe hospitali. Akigonga kichwa, usisubiri aanze kutapika au kusinzia. Mpeleke saa hiyohiyo.

Kisha lipo lile la Cicero. Wazazi wengi huficha ugonjwa wa mtoto shuleni wakihofia atanyanyapaliwa, na woga huo unaeleweka. Lakini siri ikifichuka siku mtoto anatokwa na damu uwanjani, walimu watashtuka, watoto watakimbia, na uvumi utajaza nafasi ya maelezo ambayo hayakutolewa. Tangulia wewe. Muhula haujaanza, nenda kwa mwalimu mkuu na karatasi ya daktari. Eleza ugonjwa wa mtoto kwa maneno mepesi, sema kuwa hauambukizi, taja michezo anayoweza kucheza na ile asiyoweza, na uache namba ya simu ya kupigiwa. Kama daktari au muuguzi anaweza kuja kuzungumza na walimu, itakuwa vizuri zaidi. Kwa hali nyingine za kiafya, kama selimundu kali, kifafa au ualbino, hatua ni hiyohiyo.

Ikiwa ni VVU, sheria na maadili ya afya yanampa mtoto na mzazi haki ya kuamua nani aambiwe. Hapo zungumza kwanza na mshauri wa kliniki yako.

Na wewe mzazi ambaye mwanao ni mzima, kumbuka kuwa waliotia saini ule waraka wa kumzuia Ryan walikuwa wazazi kama wewe, waliowapenda watoto wao. Shule ikikuita kwenye kikao kuelezwa habari za mtoto mgonjwa aliye darasani na mwanao, nenda. Uliza kila unachoogopa kwenye kikao hicho, mbele ya mtaalamu. Ukirudi nyumbani, mwambie mwanao ampe mwenzake mkono.